Mafungu Manane

Baba kafa Jumanne, tukamzika kabla ya laasiri.
Siku ya hitima, ubani haujaisha chetezoni,
akaja mtu wa hesabu na daftari la mistari.
Deni: dukani kwa Mshindo, elfu arubaini. Limelipwa.
Wasia: hakuna.
Mali: kanzu tatu, saa isiyotembea,
cherehani (ya mama hiyo, ikafutwa),
na vespa.

Akakohoa. Mke, thumni.
Watoto wa kiume wawili, wa kike watatu:
kila wa kiume mawili, kila wa kike moja.
Akapiga mstari chini. Jumla, mafungu manane,
hapana baki.
Tukatazamana. Maisha yake yote baba
hakupata kufanya jambo lisiache baki.

Basi tukatoka uani kuiangalia.
Imeegemea chini ya dirisha la jikoni,
rangi ya ndimu iliyoiva nusu,
na mbonyeo ubavuni tangu siku aliyomkwepa mbuzi
akauvaa mlango wa Bi Riziki.
Kwao Utaliana, alikuwa akitwambia, jina lake ni nyigu:
sikiliza inavyolia, tazama kiuno.
Sisi Mwembetanga nyigu tulimjua kwa kutuuma.
Huyu alitubeba watano, yeye simhesabu:
Time mbele kasimama, kichwa chini ya usukani,
Khatibu na Nassor kati, mimi nimebanwa,
mama nyuma kabisa, miguu upande mmoja,
buibui kalikunja gotini lisiliwe na gurudumu,
na Zeyana tumboni.

Khatibu kasema tuuze.
Iko hoteli Nungwi, wanataka ya kuweka mapokezini,
waioteshe maua kitini, wageni wapige picha.
Nassor kasema hapana, tuifungue kwa Fundi Pandu
kila mtu achukue chake mkononi:
yeye injini na tangi, Khatibu bodi na taa,
na dada zetu magurudumu.
Yako matatu, kasema, ukitia la akiba,
tazameni Mungu alivyopanga.
Na mama?
Mama tutampa honi.

Mama alikuwa akikusanya vikombe vya kahawa.
Hakugeuka.

Mimi nikaingia stoo, nikatoa kile kichupa
cha dawa ya kikohozi alichopimia oili.
Petroli lita moja, oili mpaka ule mkwaruzo wa msumari,
tikisa, mimina, fungua koki.
Halafu ilaze kidogo kulia;
moyo wake uko kulia huyu, si kama sisi.
Hili sikufundishwa. Nililiona
kila asubuhi, miaka kumi na minane,
kwenye dirisha lile, mswaki mdomoni.

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, chafya.
Ya tatu moshi wa bluu ukaingia jikoni bila hodi,
sufuria zikatetemeka ukutani,
na paka wa mtaa, watatu, wakashuka mapaani
wakakaa foleni mbele ya mlango.
Kwao mlio ule ni matumbo ya changu.
Hakuna aliyekuwa amewapa habari.

Hapo Nassor akakaa chini, juu ya ndoo,
akafuta uso kwa ncha ya kikoi.

Time ndiye aliyeleta shauri la siku.
Khatibu Jumamosi na Jumapili,
Nassor Jumatatu na Jumanne,
Zeyana Jumatano, mimi Alhamisi, yeye Ijumaa.
Tukafurahi, tukapeana mikono,
mpaka Zeyana akahesabu vidole.
Siku zimekwisha. Fungu la mama halina siku.

Mama akaweka sinia chini.
"Langu," kasema, "kiti cha nyuma.
Siku zote."

Leo Alhamisi. Kakaa upande, buibui gotini,
kanigonga bega mara mbili,
nikajua kumbe ndivyo alivyokuwa akimgonga yeye.
Nikauliza, wapi?
"We endesha," kasema. "Usipite kwa Bi Riziki."